Umeme wa Jua Nyikani: Somo la Garissa kwa Wasomaji wa Misungwi

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha pili ni mahali gani panafaa zaidi kujengwa mtambo mkubwa wa umeme wa jua, wengi watajibu bila kusita kwamba ni mahali penye joto kali. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, kwa kuwa mitambo mingi mikubwa ya namna hiyo imejengwa majangwani na katika nyika kavu. Lakini sababu inayotolewa ni ya makosa, na kosa lenyewe halikomei darasani. Mtu anayedhani kwamba joto ndilo linalozaa umeme ndani ya paneli hawezi kuusoma mradi wa umeme wa jua akauelewa. Hatajua kwa nini mtambo ulioandikwa megawati 50 hutoa pungufu ya hapo kwa mbali, wala hatajua ni saa zipi za siku autegemee na ni saa zipi atafute umeme mahali pengine.

Jambo hili linawahusu kwa karibu wasomaji wetu wa Misungwi na wilaya jirani. Mwaka 2023 Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitia saini mkataba wa kujenga mtambo wa jua katika kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu, mkoa wa Shinyanga, kwa mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mpango wote ni wa megawati 150, na awamu ya kwanza ni megawati 50. Kishapu ni mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Misungwi. Ili tuuelewe mradi huo, inafaa kwanza tukautazame ndugu yake mkubwa kwa umri, aliyekwisha kufanya kazi nyikani kwa miaka kadhaa, yaani mtambo wa Garissa nchini Kenya.

Garissa kwa tarakimu

Garissa ni mji ulioko kando ya Mto Tana, kaskazini-mashariki ya Kenya, karibu kabisa na ikweta. Nchi iliyouzunguka ni nyika kavu, makao ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mvua yake ni haba na ya kubahatisha. Kabla ya mji huo kuunganishwa na gridi, taa zake ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na mafuta ya kuyaendesha yalibebwa kwa malori kutoka mbali. Umeme wa namna hiyo ni ghali, na safari ya lori ikikwama njiani, mji hubaki gizani.

Mtambo wa jua ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Desemba mwaka 2019. Ni mali ya shirika la serikali ya Kenya linaloshughulikia umeme vijijini, na ulijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Umekaa juu ya hekta 85, yaani karibu viwanja 120 vya mpira wa miguu. Paneli zake ni zaidi ya laki 2, na kila moja imeandikwa nguvu ya wati 265. Ukizijumlisha zote unapata karibu megawati 54.6, ingawa mtambo wenyewe unatajwa kuwa wa megawati 50, kwa kuwa hicho ndicho kiasi cha juu kinachopelekwa katika gridi.

Hapa mwalimu na asimamishe darasa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Megawati hupima kasi ya kutoa nishati, kama vile lita kwa sekunde zinavyopima kasi ya maji yanayotoka bombani. Uniti hupima nishati yenyewe, kama vile ndoo zilizokwisha kujazwa. Uniti moja, ile ile tunayoinunua kwa LUKU, ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Megawati moja ikifanya kazi saa moja hutoa uniti 1,000.

Wapangaji wa Garissa walitarajia kwamba mtambo utatoa saa-megawati 76,473 kwa mwaka, yaani uniti milioni 76 na ushei. Mwaka una saa 8,760. Kama mtambo wa megawati 50 ungefanya kazi kwa nguvu zake zote usiku na mchana bila kupumzika, ungetoa saa-megawati 438,000. Gawanya tarakimu ya kwanza kwa ya pili: jibu ni 0.175. Kwa hiyo mtambo ulioandikwa megawati 50 unatoa, kwa wastani wa mwaka mzima, megawati 8.7 tu.

Je, wajenzi wamedanganya? La. Usiku wenyewe unachukua nusu ya mwaka, na asubuhi na jioni jua huwa limeinama. Lakini hata baada ya kuusamehe usiku, bado kuna upungufu wa kueleza. Gawanya saa-megawati 76,473 kwa megawati 54.6 za paneli zote, upate saa 1,400 kwa mwaka, au saa 3.8 kwa siku. Maana yake ni kwamba paneli zinafanya kazi kana kwamba zinapata jua kali kamili kwa saa 3.8 kila siku, na saa zilizobaki ni giza tupu. Nuru inayofika Garissa, hata hivyo, ni nyingi kuliko hiyo: kwa wastani ni karibu uniti 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, sawasawa na saa 5.5 za jua kamili. Basi katika kila uniti 10 ambazo paneli zingetoa kwa mujibu wa maandishi yake, 7 hivi ndizo zinazovuka uzio wa mtambo. Zile 3 zimekwenda wapi?

Nuru na joto

Paneli imetengenezwa kwa seli za silikoni, elementi inayopatikana kwa wingi katika mchanga wa kawaida. Nuru ya jua hutufikia katika vifurushi vidogo mno viitwavyo fotoni. Fotoni ikigonga silikoni inaweza kumng'oa elektroni mmoja kutoka katika kifungo chake, na seli imeundwa kwa namna ambayo elektroni aliyeng'oka husukumwa upande mmoja. Elektroni wengi wakisukumwa upande mmoja, tumepata mkondo wa umeme.

Tufikirie watoto wanaoangusha maembe kwa mawe. Kikonyo cha embe kinahitaji pigo la nguvu fulani ndipo kikatike. Mtoto akirusha changarawe, hata akirusha elfu moja, embe halianguki. Changarawe hugonga na kurudi. Akirusha jiwe la kadiri, embe moja huanguka. Akirusha jiwe kubwa kupita kiasi, litaanguka embe lile lile moja, na nguvu iliyozidi hupotelea matawini. Fotoni ndivyo zilivyo. Fotoni za miali ya joto, ambayo macho hayaioni, ni changarawe: zile zenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi haziwezi kumng'oa elektroni wa silikoni, hata zikija kwa wingi namna gani. Fotoni za nuru ya buluu ni mawe makubwa. Kila moja humng'oa elektroni mmoja tu, na ziada yake hugeuka kuwa joto ndani ya seli. Ndiyo maana paneli kama zile za Garissa hugeuza sehemu ndogo tu ya nuru kuwa umeme, yapata asilimia 16, na sehemu kubwa ya iliyobaki huipasha moto paneli yenyewe.

Joto hilo si mgeni asiye na madhara. Seli ya silikoni ikipata joto, volti zake hushuka. Mtengenezaji huipima paneli katika maabara yenye nuru ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25 za Sentigredi, kisha ndipo anapoandika zile wati 265 nyuma yake. Kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 0.4. Sasa chukua mchana wa Garissa, hewa ikiwa na nyuzi 35. Paneli nyeusi inayoota jua huizidi hewa inayoizunguka kwa nyuzi 25 au 30, kwa hiyo tuseme seli zimefika nyuzi 60. Zimezidi kipimo cha maabara kwa nyuzi 35. Zidisha kwa 0.4, upate asilimia 14. Paneli ya wati 265 imebaki na wati 228, na hakuna fundi aliyeharibu kitu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile uniti zetu zilizopotea imechukuliwa na joto lile lile ambalo mwanafunzi alidhani ndilo chanzo cha umeme. Tukiichukua paneli hiyo hiyo tukaileta Misungwi, ambako nchi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100 na hewa ya mchana mara nyingi ni nyuzi 28 hivi, itakuwa baridi kuliko ndugu yake wa Garissa kwa nyuzi 7, na chini ya nuru iliyo sawa itatoa asilimia karibu 3 zaidi. Upepo wa ziwani ukiipuliza, itaongeza kidogo tena.

Mbona basi watu huenda jangwani? Huenda kwa ajili ya anga isiyo na mawingu na ardhi pana isiyolimwa, na joto wanalivumilia tu. Misri imejenga Benban, karibu na Aswan, mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya paneli katika Afrika, yenye megawati zipatazo 1,650, iliyokamilika mwaka 2019. Huko mwaka unaweza kupita karibu wote bila mvua. Misungwi haiwezi kushindana na anga kama hiyo. Ziwa Viktoria hupika mawingu yake lenyewe: usiku na alfajiri ngurumo huwa juu ya maji, na alasiri mawingu hujikusanya juu ya nchi kavu. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti anga ya Usukuma ni safi. Lakini Machi na Aprili wingu moja linaweza kuifunika paneli na kuifunua mara kumi katika saa moja.

Vumbi, kivuli na nyaya

Mwizi wa pili ni vumbi. Karibu na ikweta paneli hulazwa karibu bapa, kwa sababu jua hupita juu ya utosi. Nazo huinamishwa kidogo tu, ili mvua ikinyesha iteremke na kuchukua uchafu. Nyikani ambako miezi hupita bila tone, vumbi hukaa, na ni lazima mtu alipanguse au alioshe. Hapa jangwa linadai malipo, maana maji ya kuoshea ndiyo kitu kisichopatikana huko kwa urahisi.

Kivuli kidogo nacho huleta hasara kubwa kuliko ukubwa wake. Seli katika paneli zimefungwa kwa mfululizo, mkondo ule ule ukipita katika kila moja. Ni kama mstari wa watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto: aliye mzito kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa wote. Jani moja au kinyesi cha ndege juu ya seli moja kinaweza kuupunguza mkondo wa safu nzima. Watengenezaji huweka njia za pembeni ili mkondo uikwepe seli iliyozibwa, lakini hata hivyo sehemu ya safu hupotea. Mwenye paneli moja juu ya paa la bati Misungwi, na mwembe umesimama upande wa magharibi, anaweza kulithibitisha jambo hili kila jioni.

Baada ya hapo kuna nyaya, na kuna kigeuza mkondo, ambacho mafundi hukiita inveta. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja siku zote. Gridi inataka mkondo geu, unaobadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, tena kwa mapigo yanayolingana na ya mitambo mingine yote ya nchi. Kazi hiyo inveta huifanya vizuri sana siku hizi, na hasara yake ni asilimia chache tu.

Mitambo inayotumia joto kweli

Ili tusimdhulumu mwanafunzi wetu, tukiri kwamba ipo mitambo ya jua inayotumia joto. Hiyo haina seli. Ina vioo vinavyokusanya miali na kuielekeza kwenye bomba au mnara, na joto linalopatikana huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine. Afrika ililiona jambo hilo mapema: mwaka 1913, Mmarekani Frank Shuman alionyesha huko Maadi, karibu na Kairo, mtambo wa vioo uliosukuma maji ya mto Nile kwenda mashambani. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka uliofuata na kazi ile ikafa. Katika zama zetu Moroko imejenga huko Ouarzazate mitambo ya vioo, wa kwanza ukiwa wa megawati 160, uliozinduliwa mwaka 2016. Huhifadhi joto katika chumvi iliyoyeyushwa ili umeme uendelee kutoka baada ya jua kuzama. Mitambo ya namna hii ndiyo inayohitaji jangwa hasa, kwa kuwa kioo hakiwezi kukusanya nuru iliyotawanywa na mawingu. Paneli inaweza. Ndiyo sababu Uganda iliweza kujenga Soroti, mwaka 2016, mtambo wa megawati 10, mahali ambapo hakuna mtu angepaita jangwa.

Jua la saa saba

Kuna jambo moja ambalo walimu wa jiografia na wa fizikia wangeweza kulifundisha pamoja. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo nyuzi 45 Mashariki, ambao unapita mashariki kabisa ya Tanzania, ndani ya bahari. Misungwi iko karibu nyuzi 33. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi moja. Kwa hiyo jua hufika utosini Misungwi dakika 48 hivi baada ya saa 6 mchana, likiongezeka au kupungua kidogo kufuatana na majira. Garissa, iliyo karibu nyuzi 39.7, hufikiwa dakika 21 hivi baada ya saa 6.

Tofauti hiyo ya dakika 27 yaweza kuonekana ndogo. Lakini tangu Desemba 2024 gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia kuu ya umeme iendayo Isinya hadi Singida. Mitambo ya jua ya mashariki huanza kuchoka mapema, na ya magharibi hubaki ikifanya kazi kwa nusu saa zaidi. Wingu la Garissa si wingu la Kishapu. Kadiri mitambo ya jua inavyotawanywa mbali mbali, ndivyo jumla yake inavyokuwa tulivu. Mtambo mmoja wa megawati 500 uliokaa chini ya anga moja si sawa na mitambo kumi ya megawati 50 iliyotawanyika kutoka Pwani hadi Ziwani, ingawa katika magazeti jumla ni ile ile.

Usiku, mito na mabwawa

Sasa tufike penye shida yenyewe. Watu wengi wa mkoa wa Mwanza hutaka umeme zaidi kuanzia saa 1 usiku hadi saa 4: taa, redio, runinga, pasi, baridi za maduka. Wakati huo kila paneli kutoka Garissa hadi Kishapu imelala. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo umeme wa jua ni anasa, hasa kwa nchi ambayo tangu mwaka 2024 imekuwa ikipokea umeme wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine tisa na jumla ya megawati 2,115. Kwa maoni yetu hoja hiyo imeligeuza jambo kichwa chini.

Bwawa ni ghala la maji, na maji yaliyo juu ni nishati iliyowekwa akiba. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Ikiteremka mita 100 hutoa jouli 980,000, na uniti moja ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo, baada ya kukadiria kwamba mashine hupoteza sehemu ya kumi, tunahitaji mita za ujazo 4.1 hivi ili kufua uniti moja. Mtambo kama ule wa Garissa hutoa kwa wastani uniti 209,500 kwa siku. Zidisha: bwawa lenye anguko la mita 100 lingelazimika kumwaga zaidi ya mita za ujazo laki 8 na nusu ili kutoa kiasi hicho. Ikiwa jua linaitoa kazi hiyo mchana, maji hayo hubaki bwawani, na hufunguliwa saa 1 usiku, taa zinapohitajika. Mashine za maji zina sifa nyingine pia: huongezwa au kupunguzwa kasi kwa muda mfupi sana, basi wingu likiifunika Kishapu, bwawa linaweza kuitikia mara moja.

Katika nchi yetu faida hiyo huongezeka. Maji ya Mto Ruaha Mkuu yakitoka Mtera, penye megawati 80, huteremka yakafanya kazi tena Kidatu, penye megawati 204, kisha huingia Rufiji juu ya Bwawa la Nyerere yakafanya kazi mara ya tatu. Tone lililobakizwa Mtera limebakizwa mara tatu. Waliokuwa watu wazima mwaka 2006 wanakumbuka maana ya kupungua kwa Mtera: ukame ulileta mgawo wa umeme nchi nzima, na viwanda vikasimama. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa mgawo ulirudi. Miaka ya ukame, ambayo ndiyo miaka ya mabwawa kupungua, ndiyo pia miaka ya anga safi. Jua na mto haviugui siku moja, na huo ndio msingi wa kuviweka pamoja.

Kuna na umbali. Rufiji iko mashariki ya nchi, na Kanda ya Ziwa iko kaskazini-magharibi. Umeme ukisafiri mamia ya kilomita sehemu yake hugeuka joto katika nyaya, na volti za mwisho wa njia hudhoofika. Mtambo wa Kishapu unauweka umeme karibu na watumiaji wake wa mchana: viwanda vya kuchambua pamba, migodi, mashine za kukoboa mpunga, na pampu.

Pampu zinastahili neno zaidi, kwa sababu mfano mzuri uko Misungwi kwenyewe. Katika kijiji cha Ihelele maji ya Ziwa Viktoria huchukuliwa, husafishwa, na husukumwa hadi tangi lililoko juu ya mlima wa Mabale, kisha huanza safari ya Shinyanga na Kahama. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita 100, kwa pampu inayopoteza asilimia 30 ya nguvu zake, hugharimu uniti 0.39. Linganisha na hesabu ya bwawa hapo juu, nawe utaona kwamba ni hesabu ile ile ikisomwa kinyume. Pampu ya maji ni mteja mvumilivu: haidai umeme saa 2 usiku kama balbu inavyodai. Ikijaza tangi mchana, tangi hulisha mabomba usiku. Ratiba ya pampu ikifuata jua, tangi la mlimani linafanya kazi ya betri, na tangi halichakai kama betri inavyochakaa.

Ardhi ya Kishapu

Hekta 85 za Garissa zilipatikana katika nyika yenye watu wachache. Usukumani hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Mfugaji wa Kisukuma hutenga ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Na tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulisaidia vijiji vingi kuzirudisha ngitili zilizokuwa zimekwisha. Mtambo wa jua unaoingia katika nchi ya namna hiyo hauna budi kuulizwa umechukua malisho ya nani, na kwa fidia gani. Swali hilo si la kisiasa tu, ni la kisayansi pia, kwa sababu paneli hufunika chini ya nusu ya ardhi ya mtambo. Katika nchi kadhaa kondoo huchungwa kati ya safu, nao huzuia majani yasirefuke na kutia kivuli. Ng'ombe hafai, kwani hujikuna kwenye vyuma. Mbuzi ni hatari zaidi, atapanda.

Udongo nao una tabia zake. Mbuga nyeusi hufura masika na kupasuka kiangazi, kiasi cha mtu kuweza kutia mkono katika ufa. Nguzo fupi iliyosimamishwa humo huinuliwa na kushushwa kila mwaka hadi paneli zipinde. Mhandisi hulazimika kuipeleka nguzo chini zaidi ya tabaka linalofura, au kutafuta udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, ambao umetulia zaidi lakini ndio wakulima wanaoupenda kwa mihogo na karanga.

Jaribio na mazoezi

Jaribio hili halihitaji maabara. Tafuta paneli ndogo ya taa ya sola, ya volti 18 hivi, mita ya kupimia volti, na ndoo ya maji ya kisimani. Siku isiyo na mawingu, baina ya saa 6 na saa 8 mchana, ianike paneli ikielekea jua kwa dakika 20, kisha pima volti zake bila kuifunga na taa wala betri. Andika. Sasa imwagie maji taratibu, ipanguse kwa kitambaa, na upime tena mara moja. Paneli iliyosomeka volti 19 ikiwa moto yaweza kupanda hadi karibu 21 ikipoa, jua likiwa lile lile. Rudia ukiwa umefunika seli moja tu kwa kipande cha karatasi, na safari hii upime ampia badala ya volti. Mwalimu asiwaambie wanafunzi mapema watakachokiona.

Tarehe 13 Machi na 30 Septemba, au siku moja kabla au baada, jua la Misungwi hupita juu ya utosi kabisa. Simamisha kijiti wima kwa kutumia timazi, na uandike saa ambayo kivuli kinatoweka. Wanafunzi wakipata karibu saa 7 kasoro dakika 3 kwa Machi, na saa 6 na dakika 38 kwa Septemba, wamepima vizuri. Na watafute kwa nini saa hizo mbili hazilingani.

Mwisho, hesabu mbili. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi hutumia 900 kwa mwaka. Mtambo wenye mazao ya mwaka sawa na ya Garissa ungetosheleza nyumba ngapi za namna hiyo? Na kama hakuna bwawa wala betri karibu, ni ngapi kati yake zitakuwa na taa saa 2 usiku?